Nilimeza fluoksetini nikiwa mjamzito, sasa mwanangu anaganda akiona nondo ya kengele

BintiPongwe:

Wadau, habari za usiku. Naandika saa hizi kwa sababu baba watoto kalala, mtoto kalala, mimi usingizi umenikataa.

Mwaka 2016 nilifiwa na mama. Baada ya arobaini, wenzangu walipoanza kucheka tena, mimi ndiyo kwanza nikaanza kuzama. Nilikuwa nakaa mkekani na ungo wa mchele, nachambua mpaka jua linazama na mchele uko vilevile. Nikasomewa, nikafukizwa. Mwisho shangazi akanishika mkono tukaenda kwa daktari wa akili, akaniandikia fluoksetini, dawa ya sonona, ya miligramu 20, kila asubuhi kidonge kimoja. Wiki ya tano nikasikia njaa. Waliopita huko wanajua maana ya kusikia njaa.

2018 nikashika mimba. Daktari akasema uamuzi ni wangu, ila yeye kwa hali aliyonikuta nayo anaona niendelee. Nikaendelea miezi yote tisa. Mtoto kazaliwa Februari 2019, kilo 2.9, kalia vizuri. Siku ya pili kidevu kikaanza kutetemeka, mikono inatetemeka, ukigusa kitanda anashtuka, ziwa analishika analiachia. Wakampima sukari, iko sawa. Siku ya sita ikaisha yenyewe, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeniambia ilikuwa nini, na mimi sikuuliza.

Sasa anasoma darasa la kwanza. Shuleni kwao kengele ni ringi ya lori imetundikwa kwenye mwarobaini, inagongwa kwa nondo. Mwanangu haiwezi kabisa. Na si sauti tu. Siku moja nilimpelekea daftari alilosahau, nikamwona kwa macho yangu. Mwanafunzi wa zamu alikuwa bado anatembea na nondo yake, hajafika hata mtini, wangu kashaganda. Hakukimbia, hakulia. Penseli hewani, macho kwenye nondo. Mwalimu anasema ndivyo anavyokuwa kila siku. Nyumbani ni hivyohivyo: jenereta ya jirani, radi, jogoo akiruka ghafla.

Wiki iliyopita wifi yangu kanirushia sauti ya WhatsApp, mtu anasema watafiti wa Marekani wamegundua mjamzito akimeza dawa za sonona mtoto anazaliwa na ubongo wa woga. Nikadhani uzushi. Nikatafuta, kumbe utafiti upo, wa mwaka 2025, wa panya na wa watu.

Na mimi nina mimba tena, wiki ya 10. Siku hizi natumia sertralini ya 50, ndugu wa fluoksetini. Kwenye pakiti vimebaki vidonge 11. Mume wangu hajasema niache, lakini tangu aisikie ile sauti anaiangalia pakiti kuliko anavyoniangalia mimi.

Je, ni mimi niliyemfanya mtoto hivi? Na hivi vidonge 11 nivifanyeje?

Mzee_wa_Mlonge:

Pole binti. Acha leo leo, usingoje kesho. Bibi zetu walizaa kumi kumi bila kidonge hata kimoja na watoto walikuwa majasiri.

BintiPongwe:

Asante mzee wangu. Bibi yangu mzaa baba alizaa tisa. Alifia kisimani, na sisi wajukuu tukaambiwa aliteleza.

FundiPanya:

Dada BintiPongwe, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi salaam. Mimi si daktari. Nilikuwa mlisha panya. Miaka minne kwenye maabara ya chuo kimoja Marekani, nikibadilisha maranda na chupa za maji, baadaye wakanifundisha kupima tabia. Nimesharudi, nafuga kuku Kibaha. Kwa hiyo nitasema upande wa panya, upande wa watu watakuja wenyewe wanaoujua.

Kwanza wifi yako hajadanganya, ila habari yenyewe ni ya zamani kuliko anavyodhani. Mwaka 2004 kikundi cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiwemo Mark Ansorge na Jay Gingrich, walichapisha kwenye jarida la Science. Walichukua vitoto vya panya vya siku 4, wakavipa fluoksetini kila siku mpaka siku ya 21, wakaacha. Panya wakakua. Walipokuwa watu wazima, dawa imetoka mwilini siku nyingi, ndipo wakapimwa. Wale wa dawa walisita kuzunguka mahali pageni, walichelewa kula mahali pageni, na walichelewa kuukimbia umeme mdogo wa miguuni ingawa njia ya kutokea ilikuwepo. Ajabu iko hapo: dawa inayomtoa mtu mzima kwenye hofu, ukimpa mtoto wa panya siku zake za mwanzo, anakua akiwa na hofu zaidi.

Sababu wanayoieleza ni hii. Serotonini, kabla ya kufanya kazi ya kubeba hisia kwa mtu mzima, huwa fundi wa nyaya kwenye ubongo unaojengwa: inaelekeza seli ipi ishikane na ipi. Fluoksetini na ndugu zake huziba mlango unaoirudisha ndani ya seli, ikajaa nje. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa si neno. Kwa nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya ngazi, waya unaweza kufungwa pengine. Baadaye wakabana zaidi wakaona siku nyeti za panya ni ya 2 hadi ya 11. Na panya huzaliwa mbichi, macho yamefumba, hana hata unyoya. Siku zake hizo zinalinganishwa na miezi mitatu ya mwisho ya mtoto wa binadamu tumboni. Ndiyo maana swali likahamia kwa wajawazito.

Sasa jinsi tunavyopima hofu. Kuna kisanduku, chini kina fito za chuma kama wavu wa kuchomea mahindi. Unapiga mlio, mlio ukiisha unapitisha umeme kidogo. Kesho yake unamrudisha panya, unapiga mlio mtupu, bila umeme. Unakaa na saa unahesabu sekunde alizoganda, yaani hakuna kinachotikisika isipokuwa mbavu zinapopumua. Nimehesabu sekunde hizo mpaka nikawa naziota. Uliposema "penseli hewani" niliweka simu chini nikaenda kuwaangalia kuku.

Lakini ule wa 2025, uliotoka kwenye jarida la Nature Communications, na Gingrich yumo tena, haukupima hofu ya mlio. Ulipima hofu ya kuzaliwa nayo: panya anawekewa harufu ya mnyama anayewala panya. Panya wa maabara ukoo wake mzima haujawahi kuonana na paka, ila pua inajua. Waliopewa dawa utotoni waliogopa zaidi, na kwenye picha za MRI sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo ndiyo kama king'ora cha hatari, iliwaka zaidi. Halafu wakaangalia vijana wa Marekani ambao mama zao walitumia dawa za aina hiyo wakiwa wajawazito. Wakionyeshwa picha za nyuso zenye hofu, amigdala zao ziliwaka kuliko za wenzao, na dalili za wasiwasi na sonona zilikuwa juu kidogo. Kabla ya hapo, 2018, walishapiga picha za vichanga 98, kati yao 16 tu ndio mama zao walikuwa kwenye dawa, na wakaona amigdala ya hao 16 ina ujazo mkubwa zaidi. Kwa hiyo kitu kipo. Mimi naamini panya, nimewashika mkononi.

Ila subiri. Kwenye kizimba changu hakukuwa na mama panya mwenye sonona. Anakula, analamba wanawe, ananyonyesha, na dawa tunawapa watoto moja kwa moja. Wewe hukumeza kidonge ukiwa mzima. Ulimeza kwa sababu ungo wa mchele ulikuwa hauishi. Montreal, Kanada, miaka ya 1990, Michael Meaney na wenzake walihesabu kitu kingine: panya mama anawalamba wanawe mara ngapi. Waliolambwa sana walikua na woga mdogo, waliolambwa kidogo wakakua waoga. Hapo hapakuwa na dawa yoyote. Sasa niambie, mama aliyelala anaangalia ukuta miezi mitatu, huyo atamlamba mwanawe saa ngapi? Hilo nalo humgusa mtoto, tofauti ni kwamba halina pakiti ambayo mume anaweza kuikodolea macho.

Ndipo hesabu za watu zinapokuwa ngumu. Finland wana daftari la taifa la uzazi na la dawa, wakafuatilia waliozaliwa 1996 hadi 2010. Kufikia miaka 15, watoto wa mama waliotumia dawa za kundi hili, asilimia 8.2 walikuwa wamepatikana na sonona. Wa mama wenye ugonjwa wa akili wasiotumia dawa, asilimia 1.9. Inatisha, sikufichi. Lakini anayeendelea na dawa mimba nzima kwa kawaida ndiye aliyeumwa zaidi, na ugonjwa huo hurithiwa kwa damu na kwa maisha ya nyumbani. Na kwa wasiwasi, makundi hayo mawili hayakupishana. Marekani mwaka 2022 walikusanya mimba zaidi ya 145,000 zenye dawa, na walipowalinganisha na akina mama wanaofanana nao hali, ongezeko la matatizo ya ukuaji kama usonji na kutotulia lilikaribia kupotea lote.

Kitu kimoja kwa mwanao. Kwa watu, tofauti hizi za dalili za sonona zimeanza kuonekana kuanzia balehe, na ni wastani wa kundi. Wako ana miaka sita. Halafu ulichokiona mwenyewe ni mtoto anayeogopa nondo inayotembea, kabla mlio haujapigwa. Hofu ya namna hiyo mtu huzaliwi nayo, unafundishwa. Mimi niliwafundisha panya mia kidogo. Nenda kaulize baada ya kengele hapo shuleni huwa kunatokea nini.

(Nisiache hili, maana watu huchukulia panya kama mizani ya dukani: mwaka 2014, hukohuko Montreal, waligundua panya wakinusa tu mtafiti mwanaume wanapata msongo. Sisi wanaume tulikuwa tukiingia na harufu zetu tunapima hofu tuliyoileta wenyewe.)

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:

Mama mwenzangu, pole. Niko wodi ya wazazi mwaka wa 19 sasa, najibu ya vidonge kwanza maana ndiyo ya leo.

Endelea kumeza hivyo 11 kama ulivyoandikiwa, na usivisubiri viishe ndipo uende. Tafuta miadi ya daktari wako wiki hii, nenda na mumeo aulize mwenyewe, na mwambie dada wa kliniki aandike jina la dawa na kipimo kwenye kadi yako. Wengi wenu mnaficha. Mnakuja kujifungua kadi safi, mtoto anatetemeka, tunahangaika na sukari na homa tukitafuta kitu ambacho kiko kwenye pochi ya mama.

Maana ule mtetemeko wa mwanao tunaujua. Kwa wanaotumia dawa hizi mpaka mwisho wa mimba, kama watoto watatu katika kila kumi huonyesha kitu: kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kunyonya vibaya, kupumua haraka. Mara nyingi ni siku chache, si zaidi ya wiki mbili, unaisha. Ulipaswa kuambiwa. Hilo ni letu, si lako. Safari hii ujifungulie hospitali, na usikubali kutoka kabla mtoto hajaangaliwa angalau siku mbili. Kuna pia tatizo la nadra la mishipa ya mapafu ya kichanga. Kwa wasiotumia dawa ni kama watoto wawili katika elfu, kwa wanaotumia mwishoni mwa mimba ni kama watatu. Nakuambia ulijue, usilikeshee.

Sertralini ni chaguo zuri kwa anayenyonyesha, kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, kidogo kuliko fluoksetini. Ila msiende dukani mkabadilishiwa na amitriptilini, dawa ya sonona ya zamani, kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini. Ni dawa nyingine, ina mambo yake, na utakuwa umeanza safari upya huku una mimba.

Kuacha ghafla: kizunguzungu, kichefuchefu, kitu kama shoti ya umeme kichwani, usingizi mbovu. Hayo hupita. Kinachoniogopesha ni kurudi kwa ugonjwa wenyewe. Nimepokea wanawake walioacha kimyakimya mwezi wa tatu kwa kusikiliza watu, wakafika mwezi wa nane hawali, kliniki hawaji, kadi ina tarehe mbili tu. Mmoja aliletwa na jirani, hakujua hata mtoto anacheza au hachezi. Nilimwuliza mara tatu.

Kama daktari ataona unaweza kupunguza, atapunguza polepole. Muulize pia kuhusu tiba ya mazungumzo, si mpaka uwe na mtu mwenye shahada kumi. Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kukaa na wajawazito wenye sonona, utafiti wao ukatoka 2008 na ulionyesha wengi walipona. Zimbabwe wanaokaa na watu wenye sonona ni mabibi, kwenye benchi nje ya zahanati.

Mzee wa Mlonge, usinune. Ila bibi waliozaa kumi, tulizika wangapi hatukuuliza.

Mzee_wa_Mlonge:

Sijanuna. Nimesoma ile ya kisima mara mbili. Samahani binti.

BintiPongwe:

Nimerudi wadau, ni siku ya nne. Vidonge sasa ni 7, kwa hiyo mnajua nilimsikiliza nani.

Miadi ni Jumanne. Mume wangu atakuja. Nilimsomea maneno ya mkunga yote, na ya FundiPanya mpaka pale pa kulamba. Akanyamaza, akaenda kuoga. Aliporudi akauliza, "Kwa hiyo wale panya walikuwa wa kiume au wa kike?" Sikujua nimjibu nini, FundiPanya utamsaidia.

Jana nikaenda shuleni mapema, nikakaa kwenye mzizi wa mwarobaini kama mtu anayesubiri mtu. Kengele ikagongwa. Wanaoingia baada ya kengele wanapiga magoti palepale chini ya ringi, halafu fimbo. Mwanangu hajawahi kuchelewa hata siku moja, mimi ndiye ninayemtoa nyumbani. Ila anatembea na mtoto wa jirani, yuko darasa la tatu. Nikamwuliza yule mtoto taratibu, nikamnunulia na kashata. Akasema wiki ya kwanza alirudi njiani kuokota kandambili yake, mwanangu akatangulia kuingia, akageuka, akaona yote. Yule aliyegonga kengele siku hiyo ndiye aliyetumwa kuleta fimbo.

Usiku nilimwuliza mwanangu. Akasema, "Mama, akianza kutembea ndiyo anaenda kumchukua mtu."

Nimeongea na mwalimu wake wa darasa, dada mdogo tu, amesikia. Fimbo hawezi kuzizuia yeye, ila leo asubuhi kabla ya saa ya kengele alimwita mwanangu akampa nondo. Mimi niko nyuma ya ukuta wa choo, nimejificha kama mwizi. Akaishika kwa mikono miwili, mabega juu, macho kayafumba. Akagonga kidogo mno hata kuku waliokuwa chini ya mti hawakunyanyua kichwa. Wenzake wakacheka. Akafumbua macho, akaitazama ile ringi, akagonga tena.

Sasa sijui. Hiyo ni nondo. Yale ya kichanga kushtuka ukigusa kitanda hayakuwa na nondo, na jogoo hana fimbo. Labda ni vyote viwili, nyaya zilifungwa hivyo na shule ikakazia.

FundiPanya:

Mwambie shemeji, wa kiume na wa kike, na swali lake ni zuri.

Kuhusu kengele, mwache agonge kila siku, hata dakika hiyohiyo, kwa siku nyingi kuliko zile unazodhani zinatosha. Kwenye kisanduku tulikuwa tunapiga mlio mtupu mara nyingi mno mpaka panya anaanza kujisafisha masharubu mlio ukiwa bado unalia. Ukiacha mapema hofu hurudi. Na wakimchapa mtu mbele yake tena, mtaanza moja, kwa hiyo huyo mwalimu amsogeze mbali na mti saa hizo.

Jogoo je, ukimshika yeye mwenyewe?

BintiPongwe:

Jogoo anamlisha mkononi akiwa ametulia. Akiruka ndiyo shida.

Jirani kawasha jenereta sasa hivi naandika. Nimesikia kitanda kimelia, kaamka. Ngoja niende.